Jando la Mwezi wa Kumi

Kamba waliikuta asubuhi, imekatisha njia ya bondeni toka mti huu hadi ule. Ilikuwa ya majani mabichi yaliyosokotwa kwa mkono, na katikati yake kilining'inia kipande cha gome jekundu. Hakuna mwanamke wa Namkonda aliyehitaji kuelezwa. Mbele ya kamba ile kuna jando, na mwanamke akishaiona anageuza.

Dorika, aliyekuwa ametangulia, alitua ndoo chini. Aliitazama kamba, kisha akaitazama njia ndefu inayozunguka bega la kilima, na uso wake ukawa kama wa mtu ambaye magoti yameshaanza kumuuma kabla hajapiga hatua.

"Haya basi," alisema. "Mwezi wa kumi, korosho zinaanguka, visima vya uani havina tone, watoto wote wako darasani, na wanaume wamekumbuka kutahiri. Sijui mwaka huu wanatahiri mikorosho."

Wenzake walicheka, wakageuza na ndoo zao. Shakila hakucheka. Alibaki nyuma kidogo akilitazama fundo. Lilikuwa fundo la vitanzi viwili, ncha imechomekwa ndani isionekane. Mtu mmoja tu pale kijijini alifunga hivyo, awe anafunga mbuzi, mlango au mzigo wa kuni, na mtu huyo alikuwa mjomba wake, Mzee Rajabu.

Kwamba Mzee Rajabu ndiye aliyefunga halikuwa ajabu. Yeye ndiye mkuu wa jando la Namkonda, kama alivyokuwa mjomba wake kabla yake. Ajabu ilikuwa mahali. Njia ile fupi haikuelekea msituni walikozoea kuwapeleka wari, vijana wa kutahiriwa. Ilipita mlangoni pa nyumba ya pampu, jengo la mawe lililoachwa tangu siku dizeli ilipokosekana, enzi ambazo Shakila alikuwa bado anabebwa mgongoni. Bati zake zilikuwa zimeota kutu, popo wamejaa darini, na ndani, juu ya sakafu ya saruji, ilikaa injini ya zamani yenye gurudumu zito, pamoja na pampu iliyokuwa ikivuta maji ya chemchemi na kuyapandisha kwa bomba la chuma hadi kwenye tangi kando ya zahanati. Enzi hizo, walisema wazee, mwanamke alikinga ndoo kwenye bomba akarudi nyumbani chai haijapoa.

Mwendesha injini hiyo alikuwa Mzee Rajabu, wakati huo kijana mwenye kofia ya kaki.

Na mwaka huu tu, kabla ya palizi, mfanyabiashara Tahiri, yule mwenye ghala jipya la korosho kwenye barabara ya Kitangari, alikuja kwenye mkutano wa kijiji akitaka kuinunua injini ile. Alisema ni chuma chakavu, kinakaa bure, kinafuga nyoka. Mkutano ulikataa. Aliyesimama akasema hapana kwa sauti ya kusikika hadi barabarani alikuwa Shakila, mjumbe wa kina mama kwenye kamati ya maji. Alisema injini ni ya kijiji, na siku kijiji kikipata uwezo, maji yatarudi tangini. Watu walipiga makofi. Tahiri naye alipiga makofi, akitabasamu, na Shakila hakulisahau tabasamu lile.

Sasa kuna kamba. Mwanamke hawezi kuivuka, na nyuma yake iko injini.

*

Mchana alimpelekea mjomba wake muhogo wa kuchemsha, kama alivyofanya mara nyingi. Alimkuta uani ameinamia beseni, anajisugua mikono kwa mchanga na sabuni ya unga.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mama. Karibu kigoda."

Shakila aliketi. Mzee aliendelea kusugua, lakini sasa kwa haraka, kama mtoto aliyekutwa na mdomo wa asali. Upepo ulipogeuka ulileta harufu iliyomfanya Shakila amtazame vizuri. Dizeli.

"Nimeiona kamba," alisema.

"Ukiiona inatosha."

"Inatosha, mjomba. Nimekuja kukupa pole ya kazi. Wari ni wengi?"

"Wapo."

"Wa hapa?"

"Wa watu."

"Nauliza kwa sababu mtoto wa jirani yangu yuko shule, wa shemeji yuko shule, na mwalimu ameniambia darasani hakuna aliyepungua."

Mzee Rajabu aliinua kichwa. "Shakila. Mambo ya jandoni hayaulizwi na mwanamke."

"Kweli kabisa. Ya ndani siulizi. Nauliza ya jikoni. Nani anawapikia?"

Mzee aliitazama mikono yake. Kucha zilikuwa bado nyeusi. Kwenye jando lolote la Makondeni, tangu dunia hii iwe dunia, mama wa wari ndio wanaopika. Wanapika, wanabeba masufuria hadi kwenye kamba, wanayaacha pale na kuimba ili watoto wao wasikie sauti na wasiogope. Jando lisilo na mama anayepika lilikuwa kama msiba usio na maiti.

"Chakula kinapatikana," alisema mzee, akayamwaga maji ya beseni mbali sana, nyuma ya choo.

Shakila alirudi nyumbani. Aliyefunga kamba angekuwa mwanamume mwingine yeyote, angekwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti. Lakini huyu alikuwa mjomba. Kwao mjomba ndiye mwenye neno. Baba yake Shakila, Mungu amrehemu, aliishi kama mgeni mwema nyumbani kwa mkewe. Aliyekaa mbele siku ya posa ya Shakila alikuwa Mzee Rajabu, na binti mkubwa wa Shakila atakapoposwa, atakayekaa mbele ni huyohuyo. Kumshtaki mjomba hadharani ni kujikata mwenyewe, na ukishajikata hakuna wa kukushona.

Ngoma ilianza kusikika bondeni kabla ya adhuhuri ya siku ya pili. Wanawake waliokuwa wakiokota korosho walisimama kusikiliza, wakatazamana. Ilikuwa ngoma moja tu, peke yake, tena ikipigwa na mtu ambaye bila shaka ngoma yake haikuwahi kuchezwa na yeyote. Ilikwenda, ikajikwaa, ikakimbia, ikanyamaza. Na kila iliponyamaza kabla ya wakati, chini yake kulibaki mlio mwingine uliochelewa kunyamaza nayo: chuma juu ya chuma.

*

Dorika alikuwa na mgahawa wa turubai kando ya barabara. Ndiye aliyekuwa wa kwanza kuona fundi wa mashine kijijini, akatuma mtu kumwita Shakila, na Shakila alipofika alikuta kijana mwenye pikipiki amekaa kwenye benchi, grisi imempanda hadi kwenye viwiko. Walimjua. Alikuwa Dastani wa Lisekese, fundi wa mashine za kusaga, anayeitwa kila mahali toka Masasi hadi Newala mashine inapogoma.

"Fundi, siku hizi unashinda huku kwetu," Dorika alikuwa akimwambia. "Masasi mashine zimekwisha?"

"Hazijaisha, mama. Natembea tu."

"Unatembea kwa viwiko? Mbona vimechafuka hivyo?"

"Nipe chapati, mama, niondoke."

"Ngapi? Za kwako peke yako, au na za wari?"

"Wari gani?" alisema Dastani. Kisha uso wake ukabadilika, kama mtu aliyekanyaga maji akidhani ni kivuli. "Ee. Za wari. Na za wari pia."

"Wari wanakula chapati siku hizi," Dorika alimwambia Shakila bila kugeuka. "Mama Mujibu, umesikia? Sisi tuliwalisha wetu ugali wa muhogo, ndiyo maana wamekuwa wagumu hawasikii."

Dastani alilipa, akafunga chapati kwenye gazeti, akaondoka. Kwenye kiti cha nyuma cha pikipiki alikuwa amefunga kwa mpira boksi lenye mchoro wa ringi za pistoni, vipuri vya injini.

Shakila aliliona boksi na kwa mara ya kwanza tangu juzi akaitilia shaka dhana yake ya wizi. Mwizi wa vyuma chakavu huja na nyundo na gunia. Haji na ringi mpya. Basi hawa hawakuwa wakiivunja injini, walikuwa wakiifufua. Na kama wanaifufua, kwa nini wanaificha? Mtu anayekuletea maji hakufungii njia.

Jibu alilipata jioni, jua bado liko juu ya mikorosho, akitoka chemchemini kwa njia ndefu. Kwenye bega la kilima, pale bomba la chuma la zamani linapojitokeza kidogo juu ya ardhi kabla ya kuendelea hadi tangini, aliona majani makavu ya mikorosho yamerundikwa kwa utaratibu mno. Majani huanguka yanavyotaka. Haya yalikuwa yamepangwa. Alitua ndoo, akayasogeza kwa mguu. Chini yake kulikuwa na mtaro mpya, na ndani ya mtaro bomba jeusi la plastiki, limeungwa kwenye lile la chuma kwa koki inayong'aa. Aliufuata mtaro kwa macho. Haukuelekea tangini. Ulikata shambani kwa Tahiri, moja kwa moja hadi kwenye bati jipya la ghala lake.

Alisimama pale muda, akasikia hasira ikimpanda polepole toka miguuni. Tahiri alikuwa ameshachimba tangi kubwa la saruji nyuma ya ghala. Watu walidhani ni la kuloweka korosho. Sasa alielewa. Maji ya kijiji, kwa injini ya kijiji, yatapita juu ya vichwa vya wanawake wa Namkonda na kwenda kuuzwa kwa ndoo barabarani. Watayanunua wao wenyewe. Na aliyewafungulia mlango ni mjomba wake.

*

"Tukaikate hiyo kamba," alisema Dorika alipoelezwa. "Twende wote, na mapanga. Mimi Mkristo, hainihusu sana."

"Wanao walitahiriwa wapi?"

"Palepale kwa mjomba wako."

"Basi inakuhusu. Tukiivuka, Mama Yuliana, hakuna atakayezungumzia injini tena. Watazungumzia wanawake walioingia jandoni. Tutaitwa barazani, tutatozwa kuku na mbuzi, na Tahiri atakaa kiti cha mbele akisikitika. Ndicho walichokitegemea."

"Twende kwa mwenyekiti."

"Mwenyekiti ataniuliza nani kafunga kamba."

Dorika alijua maana ya mjomba kama Shakila alivyojua. Alichukua ufagio akaanza kufagia mahali palipokwisha kufagiliwa.

"Sasa unataka tufanye nini? Tukae tusikilize ile ngoma yao ya kiwete?"

"Tupike," alisema Shakila.

"Nini?"

"Mjomba wangu amesema kuna jando. Mimi ni nani nimwite mwongo? Kama kuna jando kuna wari, na wari hawana mama hapa, wametoka mbali, maskini. Basi mama zao ni sisi. Tupike."

Dorika aliushikilia ufagio hewani. Kicheko kilimwanzia tumboni, akakizuia kwa kiganja, kikamtoka puani.

*

Siku ya kwanza walikwenda wachache, na masufuria ya ugali na kisamvu cha nazi. Walisimama mbele ya kamba kwa adabu zote, macho chini, hakuna aliyenyoosha hata kidole kuelekea upande wa pili. Waliimba nyimbo ambazo mama huimba, wakapiga vigelegele, wakaacha masufuria. Milio ya chuma ilikatika ghafla. Baada ya kitambo Mzee Rajabu alitokea kati ya miti, amevaa kanzu juu ya nguo za kazi, mikono ameikunja nyuma.

"Mmefanya nini?" aliuliza.

"Tumewaletea watoto chakula, mjomba," alisema Shakila. "Tumeona aibu. Wageni wako kijijini kwetu wanakula chapati za mgahawani."

Mzee alimtazama mpwa wake kwa muda mrefu. Shakila aliyaweka macho yake kwenye sufuria.

"Ahsanteni," alisema mzee mwishowe.

Siku iliyofuata walikuwa wengi zaidi, na chakula kingi zaidi. Na chakula cha jandoni hakirudi. Sufuria lazima lirudishwe tupu, la sivyo mama hulia, kwa maana mwari asiyekula ni mwari mgonjwa. Kwa hiyo kule ndani watu watatu, mzee mmoja, fundi mmoja na mpiga ngoma wa kukodi, walikula chakula cha wari kumi na zaidi, na masufuria yakarudi tupu. Dorika aliapa kwamba milio ya nyundo ilikuwa imepungua nguvu alasiri, kama ya mtu aliyevimbiwa.

"Wari ni wangapi, mzee?" aliuliza siku nyingine, kwa unyenyekevu wa kanisani. "Tunataka kuwashonea nguo za kutokea."

"Watatu," alisema Mzee Rajabu, na sauti yake ilikuwa imechoka.

"Na kutoka ni lini? Tupange uwanja."

"Mtaambiwa."

Lakini jando likishapikiwa halifichiki tena. Wanawake wa Kitangari walisikia, wakaleta unga. Wazee wa jando wa kijiji cha Makote walisikia nao, wakatuma mtu kuuliza ni jando gani hili ambalo wao hawakualikwa, na ngariba wake ni nani. Walisema watakuja siku ya kutoka kuwaona wari kwa macho yao. Hapo ndipo Tahiri alipofanya kosa. Alikuja mgahawani kwa Dorika, akiwa na kofia nzuri ya kudarizi, akawakuta wanawake wanamenya muhogo.

"Mama zangu," alisema, "mnajichosha. Mngeacha hayo mapishi. Huko bondeni wanajitosheleza."

Visu vilisimama. Dorika aliinua uso. "Wewe umejuaje wanajitosheleza?"

"Nasema tu."

"Mwanamume anawazuia mama kuwalisha wari," alisema Dorika, si kwa Tahiri bali kwa muhogo alioushika. "Nimeishi nikaona mengi. Hili bado nilikuwa sijaliona."

Tahiri aliondoka bila chai. Kufika jioni maneno hayo yalikuwa yameshafika Newala mjini, yameongezwa chumvi na pilipili.

*

Mzee Rajabu alikuja kwa Shakila asubuhi, umande haujakauka. Mjomba hamfuati mpwa nyumbani, humwita. Shakila alitandika mkeka upesi, akamwamkia, akataka kuteka maji ya kunawa. Mzee alimwashiria aketi.

"Umenikamata," alisema.

"Mimi, mjomba? Nimepika tu."

"Usinichezee. Mimi ndiye niliyekufundisha kunyamaza kwa namna hiyo." Alipapasa goti lake. "Tahiri alinijia baada ya mkutano. Aliniambia, mzee, wewe ndiye unayeijua injini ile; nikikuletea fundi na vipuri utaiamsha? Shakila, nilikuwa sijalala. Tangu ilipozimwa naisikia. Nikapata mtu anayeniambia nitaisikia tena kwa masikio. Nikamwambia ndiyo kabla hajamaliza."

"Na maji?"

"Alisema yaanze kwake mpaka arudishe gharama. Halafu kijiji."

"Halafu ya Tahiri unaijua urefu wake, mjomba?"

Mzee aliukunja ukingo wa mkeka, akaukunjua.

"Na kamba?"

"Kamba alisema yeye. Alisema wanawake wakiona, mpwa wako atapiga kelele." Aliinamisha kichwa. "Niliifunga. Mkono wangu ulijua kwamba nafanya vibaya, nikaifunga."

Shakila alikuwa na maneno mengi aliyoyatunza kwa siku zote zile, na mengine yalikuwa makali. Alimtazama mzee, ule mgongo uliokuwa umenyooka siku ya harusi yake, akayameza. Lakini hakumsamehe yote. Hata sasa hakujua kama mjomba amekuja kutubu au amekuja kutafuta njia ya kutokea.

"Injini inawaka?" aliuliza.

"Inawaka. Jana tumeijaribu kidogo, tukaizima."

"Makote wanakuja."

"Wanakuja. Watataka kuona wari. Nitamtoa nani, Shakila? Nitawatoa popo?"

"Siwezi kumfundisha mkuu wa jando kazi yake," alisema Shakila taratibu. "Ninachokijua ni kile kila mama anachokijua. Kilichokuwa kimefichwa bondeni hutolewa uwanjani, mbele ya mama zake. Hakitolewi nyuma ya ghala la mtu."

Mzee aliinua macho. Walitazamana, na Shakila aliona kwamba ameelewa. Kama ataweza, hilo hakuliona.

*

Uwanja wa kutokea ulikuwa mbele ya zahanati, chini ya tangi. Watu walijaa. Wazee wa Makote walikaa kwenye viti vya kuazima, nyuso zimekaza. Tahiri alikuwepo pia, amesimama pembeni chini ya mwavuli mweusi, akijipepea na kofia. Alijua jando ni la uongo, na alikuja kuona mzee atajinasua vipi. Wanawake walikuwa na nguo tatu mpya mikononi, zimekunjwa vizuri.

Mzee Rajabu alipanda njia ya bondeni peke yake. Hakuwa na kanzu. Alikuwa na nguo za kazi zenye grisi, na mkononi alikuwa ameikunja ile kamba ya majani, imekauka. Aliiweka chini mbele ya wazee wa Makote.

"Hakukuwa na wari," alisema. "Niliifunga kamba ya jando mahali pasipo na jando, ili wanawake wasione kazi yangu. Niliwafungia mama zetu njia, na wao wakanilisha. Kamba hii mtampa mwingine. Mimi siifungi tena."

Mzee mmoja wa Makote alianza kuinuka, uso umejaa neno zito. Lakini Mzee Rajabu alikuwa ameshageukia bondeni, akaupunga mkono.

Ikasikika chini kabisa: puh. Kimya. Puh, puh. Kisha mlio mzito ukaanza kutembea, ukakolea, ukapanda kilima na kuingia katika vifua vya watu. Vikongwe waliokuwa wameketi walisimama bila kujijua. Bomba la tangi lilikoroma, likatema vumbi, likatema mjusi, likatema maji mekundu ya kutu. Vigelegele vilipasuka. Dorika alikuwa wa kwanza kuweka ndoo, na mtu akampiga mgongoni kofi la furaha lililokaribia kumwangusha ndani ya ndoo.

Shakila hakuwa akiyatazama maji. Alikuwa akimtazama Tahiri. Tahiri hakukasirika. Hakudai vipuri vyake, kwa sababu angelazimika kusema mbele ya Makote kwamba kamba ilikuwa fikra yake. Alipiga makofi. Alikuwa akitabasamu, tabasamu lilelile la mkutano, kisha akafunga mwavuli wake na kuondoka polepole kwa njia inayopita begani mwa kilima.

Shakila alimnong'oneza Dorika amwite fundi aje na msumeno, akaichukua ndoo yake tupu akamfuata Tahiri kwa mbali.

Alipofika kwenye bomba alimkuta Tahiri amesimama na kibarua wake, majani yamesogezwa. Upande wa ghalani koki ilikuwa imefungwa, maji yakiendelea tangini. Imefungwa tu. Mkono wa mtu yeyote, saa yoyote ambayo hakuna anayetazama, ungeweza kuigeuza, na maji yangepinda njia.

"Mama Mujibu," alisema Tahiri. "Hongera. Maji hayo."

"Ahsante."

Alitua ndoo, akaigeuza kifudifudi kando ya koki, akaikalia.

"Unangoja nini hapa juani? Nenda ukakinge na wenzio."

"Namngoja fundi aje na msumeno wa chuma."

"Kwani huniamini?"

Shakila aliikunja kanga yake vizuri magotini, kama mtu anayejiandaa kukaa sana. "Sikuamini," alisema.

Tahiri alisimama kidogo, akamtazama kibarua wake, kibarua akatazama mikorosho. Waliondoka. Shakila alikaa. Huko chini injini ilinguruma, ikakohoa, ikaendelea, na kila ilipokohoa aligeuza shingo kuisikiliza. Dastani alifika mwishowe na msumeno begani, na nyuma yake, akihema kwa kilima, Mzee Rajabu.

Fundi aling'oa mpini wa koki iliyofungwa, akapiga magoti, akaanza kulikata tawi la plastiki karibu na chuma. Bomba lilicheza, msumeno ukaruka. Mzee Rajabu alichuchumaa upande wa pili, akalikumbatia bomba kwa mikono yote miwili, akalibana kifuani lisitikisike.

"Kata," alimwambia kijana.

Shakila aliutazama msumeno ukizama, akaitazama mikono ya mjomba wake, na hakuondoka kwenye ndoo mpaka kipande kilipoanguka.